Kabla ya kumnunulia mwanao pedali ya gitaa la besi

Kijana wa kidato cha tatu akimwambia mama yake kwamba anaomba fedha za pedali, swali la kwanza la mama huwa ni baiskeli ya nani imeharibika. Akishaelezwa kuwa ni ya gitaa, huja swali la pili, gumu zaidi: kwa nini mtu alipe fedha ili sauti nzuri ikwaruzwe?

Pedali inayozungumzwa hapa ni kisanduku kidogo, mara nyingi cha chuma, kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji hukikanyaga kwa mguu kukiwasha, hukikanyaga tena kukizima. Juu yake kuna vitufe vya kuzungusha, viwili hadi sita hivi. Zipo pedali za kazi nyingi, lakini mbili ndizo vijana wanaopiga gitaa la besi huziulizia sana: ovadraivu na fazi. Zote mbili hukwaruza sauti. Watoto wengi wa mjini siku hizi wanapiga besi kwenye kwaya, bendi za shule na vikundi vya mtaani, na ombi hili limeanza kufika mezani kwa wazazi ambao hawana hata gitaa la nyuzi moja.

Ombi lenyewe halina wazimu. Anayepiga besi ndiye mtu asiyesikika kwenye kundi. Uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Spika ya simu ya mkononi haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Kwa hiyo mzazi anaporushiwa video ya kwaya kwenye simu, anasikia waimbaji, anasikia ngoma, anaona vidole vya mwanawe vinatembea kwenye nyuzi, na hasikii hata noti moja. Wengi hudhani mtoto anaigiza.

Sauti ikikwaruzwa, jambo la ajabu hutokea. Uzi wa hezi 41 huanza kutoa kwa nguvu pia sauti za hezi 82, 123, 164 na kuendelea juu, zote zikiwa ni mafungu ya ile 41. Simu inaweza kutoa zile za juu. Ubongo ukizisikia zimepangana hivyo, hujaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana, na msikilizaji huisikia besi ambayo spika haikuitoa. Si uchawi wala si ujanja wa wafanyabiashara. Ndivyo ubongo wa binadamu unavyotambua uzito wa sauti, na ndivyo anavyoitambua sauti nene ya baba yake kwenye simu ndogo.

Hata historia ya mkwaruzo huu ilianza kwenye besi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, mwimbaji Marty Robbins alikuwa anarekodi wimbo wake uitwao Don't Worry. Mpiga gitaa Grady Martin alikuwa ameshika gitaa la besi la nyuzi sita, na mtambo wa kurekodia ukaharibika katikati ya kazi. Sauti ikatoka imechanika kama bati linaloburuzwa. Badala ya kurudia, waliiacha ilivyo, na wimbo ukatoka mwaka 1961 ukapendwa. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuutengeneza uharibifu ule kwa makusudi, na mwaka 1962 ikaingia sokoni pedali iliyoitwa Maestro Fuzz-Tone. Miaka mitatu baadaye Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia kwenye wimbo wa Satisfaction, na dunia nzima ikaijua fazi. Mwaka huohuo wa 1965 Paul McCartney wa Beatles alipiga besi ya fazi kwenye Think for Yourself. Jirani zetu wa Zambia waliijua mapema pia. Bendi za miaka ya 1970 kama WITCH na Ngozi Family zilijaa magitaa ya fazi, na wakusanyaji wa santuri wa Ulaya wanazitafuta hadi leo.

Katika ule wimbo wa Beatles kuna jambo ambalo mzazi anafaa kulishika, kwa sababu litamsaidia dukani. Besi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa safi, ya kawaida, ikishikilia chini. Nyingine ndiyo iliyokwaruzwa, ikapanda juu yake. Hakuna aliyetoa msingi wa nyumba ili apake rangi.

Mhubiri aliyekaukiwa, nyuki ndani ya kopo

Tofauti ya ovadraivu na fazi ni rahisi kuisikia kuliko kuieleza. Ovadraivu ni sauti ya mhubiri siku ya tatu ya mkutano wa injili: bado maneno yanasikika yote, lakini yana ukavu na joto. Akiongea polepole sauti inarudi kuwa safi, akipaza inakwaruza. Pedali ya ovadraivu nayo hufuata vidole. Mpigaji akigusa uzi taratibu inatulia, akikaza inanguruma.

Fazi ni nyuki ndani ya kopo. Haijali sana kama umegusa taratibu au kwa nguvu; ikiwashwa imewashwa. Kitaalamu, wimbi la sauti lililokuwa na kilele cha mviringo hukatwa kichwa na kukatwa mguu hadi likaribie umbo la mraba. Ovadraivu nayo hukata, ila kwa upole, ikiacha mabega.

Kwa kijana anayepiga kwaya, zouk, reggae, gospo ya kisasa au hata benga, ovadraivu ndiyo itakayotumika kila wiki. Fazi ni ya nyakati fulani: utangulizi wa wimbo, sehemu moja ya kushangaza watu, au muziki wa roki. Anayempenda Cliff Burton, yule mpiga besi wa Metallica aliyekwaruza besi peke yake kwa dakika kadhaa kwenye albamu ya kwanza ya bendi hiyo mwaka 1983, hatakubali maneno haya. Ana haki yake. Lakini mwenye mfuko ni mzazi, na pedali ya kwanza inafaa iwe ile itakayofanya kazi nyingi.

Ndiyo maana kijana mwenye busara huja na ombi la pedali moja inayoweza kwenda pande zote: ikiwa chini inatia joto tu, katikati inanguruma, ikifika juu inakaribia fazi. Zipo. Kinachotenganisha nzuri na ya kujutia mara nyingi ni kitufe kimoja.

Kitufe cha kuchanganya

Pedali nyingi za mkwaruzo zilibuniwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, si besi. Ile maarufu ya kijani, Ibanez Tube Screamer, hupunguza makusudi sauti zilizo chini ya hezi 700 hivi kabla ya kuzikwaruza, ili gitaa lisitoe tope. Kwa gitaa la solo ni akili kubwa. Kwa besi ni balaa, kwa kuwa nyuzi nne za besi zikiwa wazi ziko kati ya hezi 41 na 98. Kijana anakanyaga pedali akitegemea ukumbi utetemeke, na badala yake sakafu inatoweka. Waimbaji wanageuka kumtazama. Mwalimu wa kwaya anadhani waya umechomoka.

Dawa yake ni kitufe kinachochanganya sauti safi na ile iliyokwaruzwa, kila moja kwa kiasi chake, kama zile besi mbili za McCartney. Watengenezaji wamekipa majina tofauti. Kwenye Boss ODB-3, pedali ya njano ambayo haikosekani kwenye maduka makubwa, kimeandikwa “Balance”. Kwenye Darkglass B3K ya Finland kimeandikwa “Blend”. MXR Bass Fuzz Deluxe ina viwili, “Dry” kwa sauti safi na “Wet” kwa fazi, na hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa kuwa kila upande una kipimo chake. Electro-Harmonix, waliotoa Big Muff tangu mwaka 1969, wana toleo la besi liitwalo Bass Big Muff Pi lenye swichi ndogo ambayo ikiwekwa upande wa “Dry” hurudisha sauti safi chini ya fazi.

Mzazi asiyejua muziki anaweza kuingia dukani na kuuliza swali hilo moja tu: kitufe cha kuchanganya sauti safi kiko wapi? Muuzaji akijibu kuwa hakihitajiki, basi ajue anauziwa pedali ya gitaa la solo. Wapo wapiga besi hodari wanaozitumia hizo bila shida, lakini hao wana amplifaya mbili au mtambo wa kugawa sauti, mambo ambayo mtoto wa shule hana.

Kuhusu bei, tofauti ni kubwa kiasi cha kushangaza. Behringer BOD400, iliyotengenezwa kwa kufuata mfano wa ile Boss ya njano, ina mwili wa plastiki na huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mwenzake. Pedali kubwa ya Darkglass inaweza kuzidi hiyo Behringer zaidi ya mara tano. Je, sauti inazidi mara tano? Hapana. Inayozidi ni uimara, ukimya wa pedali ikiwa imewashwa bila kupigwa, na ulaini wa vitufe. Kijana anayepiga sebuleni na kwenye mazoezi ya Alhamisi hatapata hasara na ya plastiki, mradi asiikanyage kama anaua mende. ODB-3 nayo ina ubishi wake: ikifunguliwa “Gain” yote inakuwa kali na ya kuchoma, na wengi waliomwaga lawama juu yake hawakuwahi kuijaribu ikiwa robo. Ikiwa chini, na “Balance” ikiwa karibu na katikati, inafanya kazi ya kwaya vizuri kabisa.

Kuna njia nyingine ambayo mzazi anafaa kuipima kabla ya hizo zote. Vifaa kama Zoom B1 Four vina ovadraivu na fazi kadhaa ndani ya kisanduku kimoja, pamoja na kipimo cha kutuni nyuzi, midundo ya ngoma ya kufanyia mazoezi, na tundu la kuchomeka hedifoni. Hutumia betri nne za kawaida za AA. Wapigaji wakongwe huvidharau, na ni kweli fazi yake haina ule uhai wa pedali halisi. Lakini kijana ambaye bado hajui anachokitaka atajaribu mikwaruzo kadhaa kwa bei isiyofika ya pedali moja nzuri, na baada ya miezi sita atakuja na ombi analolielewa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 15, hili ndilo chaguo la kwanza.

Siku ya kujaribu dukani, iwe Kariakoo au Luthuli jijini Nairobi, kijana aende na besi yake mwenyewe. Pedali inayoimba na besi ya dukani inaweza kununa na ya nyumbani. Apige uzi mnene kabisa kwanza, halafu ule mwembamba, kitufe cha mkwaruzo kikiwa robo, nusu, kisha chote. Kisha jaribio ambalo wauzaji hawalipendi: asawazishe sauti ili pedali ikiwashwa na ikizimwa iwe na kelele ileile. Sikio la binadamu lina udhaifu wa kuamini kuwa kinachopiga kelele zaidi ndicho kizuri zaidi. Pedali nyingi zimenunuliwa kwa sababu hiyo tu, na udhaifu huohuo ndio unaoharibu masikio ya vijana.

Desibeli tatu ambazo hazionekani

Wimbi la kawaida la sauti likikatwa hadi kuwa la mraba, bila kilele chake kupanda hata kidogo, nguvu yake huongezeka mara mbili. Kwenye kipimo cha sauti hiyo ni desibeli 3. Zinaonekana chache. Lakini taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, hupanga muda wa kukaa kwenye kelele kwa kanuni hiyohiyo: mtu mzima anaweza kukaa saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3, muda hukatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 94, saa moja. Desibeli 100, dakika 15. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani, WHO, ni kali zaidi: kwa kusikiliza saa 40 kwa wiki, mtu mzima asizidi desibeli 80 na mtoto asizidi 75.

Mazoezi ya bendi kwenye chumba cha bati, ngoma ikiwa halisi na madirisha yakiwa yamefungwa ili majirani wasilalamike, hupita desibeli 94 bila taabu. Na mazoezi hayo hayachukui saa moja.

Kinachoumia ni vinyweleo vidogo ndani ya sikio, takriban 15,000 kila upande, vinavyogeuza mtetemo kuwa taarifa ya kupelekwa kwenye ubongo. Havioti tena. Mtoto aliyevipoteza akiwa na miaka 16 atazeeka na vilivyobaki. Tena hasara huanzia mahali ambapo haionekani mapema, kwenye sauti za juu karibu na hezi 4,000. Kijana anaendelea kusikia besi yake vizuri, anaendelea kusikia akiitwa, ila herufi kama s, f na sh zinaanza kufifia. “Saba” na “shaba” zinakaribiana. Nyumbani anaonekana mkaidi au mzembe wa kusikiliza, darasani anaonekana hana umakini, na mara nyingi huadhibiwa kabla ya kupimwa.

Hapo ndipo fazi inapotofautiana na besi safi. Besi safi ni nzito lakini nguvu yake iko chini, ambako sikio haliko makini sana. Fazi huipeleka nguvu hiyo juu, hadi kwenye eneo la hezi 2,000 hadi 4,000 ambako sikio ni jepesi kuliko kote. Kijana aliyezoea kufungua amplifaya hadi saba kwa besi safi, akiwasha fazi bila kugusa kitufe cha sauti, amebadilisha kinachoingia masikioni mwake na mwa wenzake. Programu za simu za kupima kelele zinasaidia kidogo, ila nyingi hupima kwa kipimo kinachopuuza sauti nzito, kwa hiyo namba zikiwa ndogo mbele ya besi safi si sababu ya kutulia.

Lakini pedali hiyohiyo inaweza kuwa mwokozi wa masikio, na hili wazazi wengi hawaambiwi. Mpiga besi hufungua sauti kwa sababu hajisikii. Amplifaya iko sakafuni, spika inatazama magoti yake, na magoti hayana masikio. Akitia ovadraivu kidogo, zile sauti za juu humfanya ajisikie kati ya ngoma na kinanda bila kuongeza kelele. Anaweza hata kupunguza. Akiinua amplifaya juu ya kiti au kuiegemeza nyuma ili itazame uso wake, anaweza kupunguza tena. Mwalimu wa kwaya ambaye amechoka kugombana na mpiga besi ajaribu hilo la kiti kwanza. Halina gharama.

Dalili za kuangalia si ngumu. Mvumo au mlio masikioni baada ya mazoezi, sauti za watu kusikika kama zimefunikwa blanketi, televisheni kufunguliwa zaidi kuliko zamani. Mlio ukiondoka baada ya saa chache, hiyo ni onyo. Ukifika kesho yake bado upo, kijana apelekwe kwenye hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo. Na usikivu ukipotea ghafla upande mmoja, asisubiri wiki ijayo, wala asiwekewe mafuta ya moto wala kitunguu. Aende siku hiyohiyo, kwa kuwa tiba yake ina saa za kuhesabu. WHO pia ina programu ya bure ya simu iitwayo hearWHO inayompima mtu kwa kumtajia namba huku kukiwa na kelele nyuma. Haichukui nafasi ya daktari, lakini humwonyesha kijana namba yake mwenyewe, na vijana husikiliza namba kuliko nasaha.

Vizibo vya sponji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi vinafanya kazi. Kinabingirishwa hadi kiwe chembamba, sikio linavutwa juu kwa mkono mwingine, kinaingizwa na kushikiliwa hadi kitanuke. Kikiwa kinaning'inia nje nusu, hakijaingia. Vipo vya wanamuziki vyenye kichujio, ambavyo hupunguza sauti zote kwa usawa badala ya kuziba za juu tu, na kijana atavivumilia zaidi kwa sababu muziki haugeuki kuwa tope. Pamba haizuii kelele kiasi cha kutosha.

Pedali ya fazi na vizibo viwe ombi moja, linunuliwe siku moja, kwenye risiti moja ikiwezekana. Mzazi anayesema vizibo vitanunuliwa baadaye anajua mwenyewe kuwa havitanunuliwa.

Wapo pia wasioomba pedali. Kwenye mazoezi ya kwaya, mama mwimbaji mara nyingi huja na mtoto mgongoni, na nafasi iliyobaki wazi huwa ni karibu na spika, kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayetaka kukaa pale. Mtoto wa miezi minane hawezi kusema masikio yanamuuma. Wengine hulia, wengine hulala tu katikati ya kelele na watu wakasema amezoea. Hajazoea. Kiti chake kiwe nyuma kabisa, au nje.

Umeme

Pedali nyingi hutumia volti 9, na hapo ndipo fedha huungua. Adapta ya ruta au ya redio inaweza kuingia kwenye tundu vizuri kabisa na bado ikaua pedali siku hiyohiyo, kwa sababu pedali nyingi za kisasa hutaka hasi iwe katikati ya plagi, na adapta nyingi za nyumbani zina chanya katikati. Mchoro mdogo ulio ubavuni mwa pedali, wenye duara na alama za kujumlisha na kutoa, ulingane na ule wa adapta. Volti nazo zilingane. Kiasi cha miliampia cha adapta kiwe sawa au kizidi kile pedali inachotaka. Kikizidi hakina madhara. Anayetumia betri achomoe waya wa gitaa akimaliza, maana kwenye pedali nyingi waya huo ndio swichi. Ukibaki umechomekwa usiku, asubuhi betri imekwisha.

Jambo la waya wa ardhi ni zito zaidi. Gitaa lenye nyuzi za chuma limeungwa na amplifaya, na amplifaya imeungwa na umeme wa volti 230. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey alifariki jukwaani Swansea, Uingereza, alipogusa maikrofoni isiyo na waya wa ardhi. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyewahi kuwa mwimbaji wa Yardbirds, alifariki nyumbani kwake akipiga gitaa lenye tatizo hilohilo. Plagi ya pini tatu iliyokatwa moja ili iingie kwenye soketi ya pini mbili, jenereta lililowekwa kwenye tope nje ya ukumbi, mdomo ukigusa maikrofoni huku mkono ukiwa kwenye nyuzi: kijana akisema kwamba huwa “inapiga kidogo”, asipige tena hadi fundi umeme aliyesomea aje kuangalia. Pedali haisababishi hatari hiyo, wala haiwezi kuizuia.

Anayenunua iliyotumika, na zipo nyingi nzuri, afungue mlango wa betri aangalie kama kuna kutu au unga mweupe, azungushe kila kitufe huku sauti ikiwa imefunguliwa asikilize kama kinachakacha, na akanyage swichi mara kumi mfululizo. Atikise waya ukiwa ndani ya tundu. Sauti ikikatikakatika, bei ishuke au aondoke.

Mwisho, kijana akishatajiwa bajeti, mzazi amuulize ana nyaya ngapi. Bila pedali unatosha waya mmoja, kutoka kwenye besi hadi kwenye amplifaya. Pedali ikikaa katikati zinahitajika mbili, na wengi huligundua hilo Jumamosi usiku, maduka yakiwa yamefungwa na ibada ikiwa ni saa moja asubuhi.